Malori Matupu

Shemeji yangu Makarius hakuwa mkulima. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wakimkumbuka humwita mkulima, kana kwamba kila aliyepandishwa kwenye malori mwaka ule alikuwa na jembe begani. Makarius alikuwa mchuuzi. Alinunua asubuhi akauza kabla jua halijazama, na faida aliila siku hiyohiyo pamoja na mke wake Theopista, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja. Samaki wakavu wa Rukwa, asali ya Inyonga, karanga, kuku, mpunga wa Mpimbwe: chochote chenye bei moja asubuhi na nyingine jioni, yeye alikuwa nacho.

Mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua kando ya banda la mizigo, stesheni ya Mpanda. Hapo ndipo walipokaa wachuuzi wa mji mzima, juu ya mataruma mabovu ya reli yaliyotupwa pale, wakingoja treni. Wengi hawakuwa na mzigo wala safari. Walikuja kuisoma.

Ndivyo walivyosema wenyewe, kuisoma treni. Watu wa Tabora wakishuka na magunia matupu yaliyokunjwa kwapani, basi kesho mchele utapanda. Gadi wa treni akiuliza bei ya mchele kabla hajauliza hali ya mtu, ujue kwake watoto hawajashiba. Mabehewa ya mizigo yakija yamefungwa, serikali inaleta chakula, uza haraka. Yakija wazi na matupu, serikali imekuja kuchukua, kaa na mali yako. Kwa samaki walitazama mwezi, maana usiku wa mbalamwezi wavuvi hurudi na kidogo. Hata jiko langu walilisoma. Leodgar, mzee mwembamba aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa risasi kabla haujafungwa, alidai kwamba vitumbua vya Romana, yaani vyangu, vikipungua unene, mchele unapanda wiki hiyo. Alikuwa sahihi, lakini sikumpa raha ya kumwambia.

Nikisema kweli, walikuwa wakinichosha. Wanaume wazima wenye wake na wajukuu, wanabishana kuhusu bei ya kesho mpaka chai inaota utando juu, halafu wanadai niipashe moto upya. Leodgar kila siku bei itashuka. Makarius kila siku bei itapanda. Ungewauliza kuhusu bei ya mvua wangekupa.

Wa tatu wao alikuwa Mabula. Huyu alikuwa Msukuma, alikuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga malisho yalipokauka huko, akawa ananunua na kuuza mifugo minadani. Makarius alikuwa Mfipa, kwa hiyo walikuwa watani wa jadi, na utani wao ulikuwa hauna likizo. Mabula hakumwita Makarius kwa jina hata siku moja. Alimwita Mfipa, au mtumwa wangu, au wewe uliyeuzwa na babu yako kwa kibuyu cha chumvi. Makarius naye alimwambia kwamba Wasukuma huoga siku ng'ombe wao akianguka mtoni. Na kila asubuhi, Makarius akikaa na sahani yake, Mabula alipitisha mkono akachukua kitumbua kimoja bila kuomba, akala huku akilalamika kwamba ni kibaya. Ndiyo haki ya mtani. Kwa hiyo Makarius aliagiza vitatu ili ale viwili.

Mwaka huo, sabini na nne, mvua zilikuwa zimekatika mapema kwa msimu wa pili mfululizo. Habari za njaa zilikuja na kila treni. Kwetu bonde la Mpimbwe lilikuwa limevuna mpunga, si haba, na ndipo Makarius akapata wazo lililomwingia kama homa. Alichoka kuwa mtu wa asubuhi na jioni. Mhindi mmoja wa Tabora alikuwa anafunga duka aondoke, na alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga anayotaka kuiuza. Makarius alikwenda kuiona. Aliporudi alinieleza mkanda wake, gurudumu lake na mlio wake, nami nikiendelea kukaanga. Nilimwuliza kama ameikumbatia pia. Alicheka, lakini macho yake yalikuwa bado yako Tabora.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza. Kununua mpunga wakati wa mavuno ukiwa rahisi, kukaa nao mpaka njaa ya kaskazini iupandishe, kisha kuuza wote na kuichukua mashine. Aliuza mbuzi. Akauza ng'ombe waliotoka kwenye mahari ya binti yao Katarina, na aliyewanunua alikuwa Mabula, aliyewapapasa migongo huku akisema hawa ng'ombe wa Kifipa wamekonda kwa kusikia rozari kila jioni. Halafu Makarius akaenda Majimoto, huko bondeni Mpimbwe, na kurudi, akaenda na kurudi, safari kwa baiskeli, safari kwa lori la mtu, mpaka hakubakiwa na kitu ambacho si mpunga.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuuweka. Siku zile nafaka ilinunuliwa na shirika la serikali peke yake. Mtu binafsi akikutwa na shehena aliitwa mlanguzi, mali ikachukuliwa, naye akalala ndani. Wenye vyumba vya maduka pale mjini, Shanwe, walikuwa wakipekuliwa. Kwa hiyo Makarius akaupeleka mpunga wake nyumbani kwake, porini ng'ambo ya Kasokola, ambako nyumba moja na nyingine hazikuonana moshi. Alijenga vihenge vipya nyuma ya nyumba, akavifunika nyasi mpaka kwa mbali vikafanana na vichuguu, na wachuuzi wenzake stesheni wakamsifu kwa akili. Hata Leodgar alikubali kwamba hapo Makarius amewaza. Hakuna mgambo ambaye angetembea porini kote huko kwa ajili ya kihenge.

Dada yangu hakupenda. Alitaka nusu iuzwe sasa, kwa bei yoyote, na kihenge kimoja kiwe cha nyumbani, kisiguswe. Alinituma mimi niseme na mume wake, maana shemeji husikilizwa pale mke asiposikilizwa. Nilisema naye. Alinisikiliza kwa heshima yote, akanywa chai yangu, akaniambia, "Shemeji, akiba haiozi." Basi. Ukibishana na methali unaonekana mjinga wewe.

Redioni habari za kuhamia vijijini zilisemwa kila siku. Kila siku. Zilisemwa asubuhi, zikasemwa tena kabla ya salamu za wagonjwa, mpaka masikio yakazizoea kama unavyozoea mluzi wa treni. Watu wote wakae katika vijiji, kabla ya masika, pawe na shule na zahanati na maji. Wachuuzi walilijadili jambo hilo kwa upande mmoja tu: wakulima wakihamishwa watachelewa kulima, wakichelewa kulima chakula kitapungua, kikipungua bei itapanda. Makarius alifurahi. Hakuna hata mmoja aliyesema, na mimi simo kati ya wenye akili, kwamba mtu anayekaa porini ng'ombe wa jirani wasikosikika ni mtu wa kuhamishwa, hata kama halimi.

Kisha yakaja malori. Ilikuwa Septemba, vumbi tupu. Mengine yalikuja kwa barabara ya Tabora, na mengine yakashushwa kutoka kwenye mabehewa ya wazi mbele ya macho yetu. Yote yalikuwa matupu. Hakuna gunia, hakuna pipa, bodi zimefagiliwa.

Sijawahi kuona mabishano kama ya siku ile. Leodgar alisema serikali imekuja kuchukua mpunga kwa bei yake yenyewe, kila mwenye akili auze leo jioni. Makarius alisimama. Alisema lori tupu ndiyo dalili kubwa kuliko zote alizowahi kuona. Kama serikali imeleta malori yote haya kutafuta chakula Mpanda, basi huko kwingine hakuna kabisa, na anayekaa na mpunga wake mpaka Desemba atauza kwa bei atakayoitaja mwenyewe. Watu waligawanyika pande mbili. Mmoja aliniuliza mimi ninasemaje, nikamwambia nasema alipe chai ya jana.

Mabula alikuwa ametulia, anatafuna kitumbua cha Makarius. Alipomeza alisema, "Nyie mnasumbuka bure. Yanakuja kukubeba wewe, Mfipa. Wewe na mke wako na kuku wako."

Tulicheka wote. Makarius alicheka mpaka akashika mbavu, akamjibu kwamba yakimbeba yeye basi Msukuma atapanda juu pamoja na ng'ombe, kwa vile hawatofautiani harufu. Mimi nilicheka nikamwaga chai motoni. Mabula mwenyewe alicheka kuliko sisi. Nilimwuliza baadaye kama alikuwa amesikia kitu minadani. Alisema hakusikia chochote, alisema tu kwa sababu ni mtani wake, na mtani lazima aseme.

Kilichotokea nyumbani kwa dada yangu nilielezwa na dada yangu, na amenieleza mara nyingi, kila mara bila kubadili neno, kwa hiyo namwamini. Lori lilifika asubuhi, likiwa na mgambo nyuma na ofisa kijana mbele. Halikuwa jambo la ghafla kabisa, balozi wa nyumba kumi alikuwa ametangaza wiki moja kabla, lakini Makarius alikuwa safarini Majimoto kwa gunia la mwisho, na aliporudi alisema wataanza na walio mbali zaidi. Huyo ofisa hakuwa mkali. Theopista anasisitiza hilo. Alisalimia, akawapa pole, akaeleza kwamba kijiji kipya kiko kando ya barabara kuu, upande wa pili wa mji, na kwamba lori litabeba watu, vyombo, boriti za nyumba na chakula. Halafu akamwuliza Makarius, "Ndugu, una chakula kiasi gani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkulima yeyote angejibu. Jirani yao Yohani, mtu wa mahindi, aliulizwa swali hilohilo asubuhi ileile, akasema ana magunia kadhaa na hajui atayabebaje, na lori likarudi kwake mara ya pili kwa ajili ya magunia yale. Lakini Makarius hakuwa mkulima, nimeshasema. Maisha yake yote alijifunza jambo moja, kwamba ukiulizwa una mali kiasi gani, anayekuuliza ni mnunuzi au ni askari, na wote wawili hawafai kujua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vihenge vilivyofunikwa nyasi, na ndani ya vihenge mashine yake, ng'ombe wa Katarina, mbuzi, na chakula cha mwaka mzima.

"Kidogo tu, ndugu," alisema. "Cha watoto."

Theopista alisimama pale, amebeba kuku. Alikuwa mke wa mchuuzi, naye alikuwa amefundishwa na mumewe mwenyewe kwamba mke hasemi habari za mali mbele ya watu. Alimtazama mumewe ili amwambie kwa macho aseme. Makarius alikuwa anatazama magurudumu ya lori. Ofisa akamwambia dereva kwamba hapa mzigo ni mdogo, wapakie na familia nyingine. Walipakia magunia mawili, vitanda, masufuria, jiwe la kusagia. Mgambo wakashusha nyasi za paa wakatoa boriti. Kisha wakaondoka, na Theopista anasema mpaka lori linakata kona alikuwa bado anangoja mume wake afungue mdomo.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Kwa Makarius ni ule uliofungwa.

Alijiambia atarudi. Alikuwa na baiskeli. Kutoka kijiji kipya mpaka kwenye vihenge ilikuwa safari ya siku nzima kwenda na kurudi, gunia moja kwa safari, na safari nyingine mgambo wa barabarani walimsimamisha kumwuliza gunia linatoka wapi, akalazimika kulitupa vichakani na kukimbia. Hakumwomba mtu msaada. Angemwombaje, bila kusema ni kiasi gani? Mara mbili nilimwambia nitakwenda mimi kwa wakubwa nikaseme kwamba ni mpunga wa ukoo mzima. Alinikatalia. Alisema wakijua watauchukua wote, heri avumilie, bei bado inapanda.

Mwaka ule mvua, iliyokuwa imetunyima kwa misimu miwili, ilikuja mapema. Sijui ilikuwa imetukasirikia nini.

Iliponyesha siku tatu bila kukatika, Theopista alikuja kwangu mjini amelowa, tukaenda pamoja na mume wake. Mto ulikuwa umejaa, tukavuka tumeshikana mikono. Nyumba ilikuwa kuta tu, udongo wake ukimomonyoka. Vihenge vilikuwa vimeinama, vingine vimepasuliwa na nguruwe pori, na pale nyasi za juu zilipokuwa zimepeperuka mpunga ulikuwa umeota. Ndani ya kihenge. Ulikuwa wa kijani, mbichi, mzuri, kama kitalu cha mtu aliyejitahidi. Dada yangu aliingiza mkono chini kutafuta mkavu, akautoa na harufu ya pombe iliyochacha. Akaingiza kwenye kingine. Akaenda kwenye kingine. Nilimwambia, Theo, basi. Hakusikia.

Makarius alisimama amevaa koti lake la stesheni, maji yanamtiririka usoni. Nilidhani analia na nikageuka ili nisimwone. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ileile ya asubuhi kwenye mataruma, "Bei imepanda, shemeji. Juzi gadi aliuliza mchele kabla ya salamu. Nilisema."

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Na ilipanda kweli. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mpaka kufika Februari mchele ulikuwa na bei ambayo hata Makarius hakuwahi kuitaja kwenye ubishi, vitumbua vyangu vikawa vidogo kama vifungo, kisha nikaacha kabisa siku kadhaa kwa kukosa unga wa mchele. Mabehewa yakaja yamefungwa, na ndani mlikuwa na mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu walipanga foleni kupewa. Theopista alipanga foleni. Makarius naye alipanga, na waliokuwa nyuma yake hawakujua kwamba mtu huyu ndiye aliyeiona njaa ile kabla ya wote. Mashine ya Tabora ilinunuliwa na mtu wa Urambo.

Leodgar, mzee yule aliyeshinda na kushindwa kila siku kwa kelele, sasa mazungumzo kuhusu bei yalipoanza alihamia upande wa pili wa banda.

Makarius hakuja stesheni muda mrefu. Siku aliyokuja ilikuwa baada ya Pasaka. Alikuwa amekonda, koti limekuwa la mtu mwingine. Alikaa kwenye taruma lake la zamani, na watu wakampisha kama mgeni. Nilikuwa nimepata unga, nikamwekea vitumbua vitatu, sikumwambia bei na yeye hakuuliza.

Kisha Mabula akatokea upande wa mnadani, na wote tukashusha pumzi. Tulikuwa tunamngoja yeye. Mtani ndiye wa kusema jambo ambalo wengine wanaliogopa. Hata msibani mtani hutania. Nimewaona wakilala ndani ya kaburi lililochimbwa wakidai walipwe kwanza, na wafiwa, macho mekundu, wakacheka, na baada ya hapo wakaweza kuzika. Hakuna aliyekufa ambaye mtani wake hakumtania. Kwa hiyo tulingoja. Ningefurahi hata angesema kuhusu kuku na lori. Ningefurahi zaidi kama angesema hilo kuliko lolote.

Mabula alifika, akamwona. Akasimama kidogo. Akavua kofia yake, akakaa, si karibu sana. Nilimtazama mkono wake, na mkono ulikuwa umetulia gotini.

"Pole sana, baba," alisema.

Baba. Kama unavyomwambia mzee usiyemfahamu uliyemkuta amekaa njiani. Makarius aliinua macho polepole, akamtazama, na naapa niliona kwamba aliisoma dalili hiyo pia, sawasawa, kama alivyozisoma nyingine zote. Akaisukuma sahani kuelekea kwa Mabula.

"Chukua kimoja, Msukuma."

"Kula tu, baba. Kula wewe."

"Chukua," alisema Makarius. Sauti yake ilikuwa inaomba. "Ni vibaya. Romana hajui kupika. Chukua kimoja."

Mabula alitikisa kichwa. Alikuwa analia, yule mwanamume mkubwa wa ng'ombe, na hakuweza kunyoosha mkono wake.

Treni ilipiga honi kwenye kona ya mwisho, na wachuuzi wengine wakainuka kwenda kuisoma. Makarius hakuinuka. Alikula vitumbua viwili, taratibu, akakiacha cha tatu sahanini. Akaniaga, akapanda baiskeli yake akaenda kijijini. Jioni nilipokuwa nafunga, kitumbua kile kilikuwa bado pale, na sikumwuzia mtu.